Neno la Kumwambia Bosi

Dada yangu hajawahi kutamka neno hata moja tangu azaliwe, lakini katika nyumba yetu yeye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Akitaka ukae, anakuvuta mkono wa shati mpaka unakaa. Akikuchoka, anakuletea viatu vyako. Mchumba wangu wa kwanza aliletewa viatu kabla hajamaliza kikombe cha chai, na Mama akacheka mpaka akajishika mbavu. Yule mchumba baadaye alikuja kuwa mwizi wa mchana kweupe, kwa hiyo mpaka leo nasema mwenzetu aliona mbali. Ndiyo maana tulimwita Bosi.

Ni mkubwa kwangu, mtu mzima mwenye mvi zake. Alipokuwa mdogo madaktari walimwambia Mama kwamba akili yake haitavuka ya mtoto anayejifunza kutembea. Mimi ni mshonaji, sina kipimo cha akili. Ninachojua ni kwamba maneno anayoyaelewa ni machache na akishalielewa neno halimtoki: kula, oga, njoo, viatu, Mama.

Kisha Mama akaanguka jikoni asubuhi moja, akachukuliwa na gari la wagonjwa, na hakurudi.

Siku ya mazishi tulimpeleka Bosi kwa jirani na pakiti ya biskuti. Hakuna aliyebisha. Kaka alisema atapiga kelele makaburini, wifi yangu akasema ataogopa watu, mimi nikasema hataelewa. Jioni tulirudi macho yamevimba, tukamchukua, tukamwogesha, tukamkalisha kwenye benchi lake uani. Watu walikuja kutupa pole mmoja mmoja, wakampita yeye pale kama wanavyopita ndoo.

Baada ya hapo Bosi akaanza kuharibika. Chakula akakikataa. Akawa anajikojolea, yeye aliyekuwa akienda chooni peke yake na kufunga mlango kwa madaha. Lakini kilichotushinda hasa ni makofi. Alijipiga usoni kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, mpaka mashavu yakawa na rangi ya maini. Ukimshika mikono anakuuma. Alimuuma Kaka mkono wa kulia, na Kaka ni mwalimu wa hesabu, mkono huo ndio anaoandikia ubaoni.

"Zamani alikuwa na upungufu tu," Kaka alisema huku wifi akimfunga bandeji. "Sasa ni wazimu kabisa."

Nilimpeleka hospitali. Daktari wa kule hata hakuinuka kwenye kiti. Alimtazama Bosi akiwa bado mlangoni, akaniuliza kama alizaliwa hivyo. Nikasema ndiyo. Basi, akasema, hali yake ndiyo hiyo, watu wa namna hii umri ukienda hubadilika. Nilimuuliza, hivi mimi nikivunjika mguu leo, utaniambia ni kwa sababu nilizaliwa na miguu? Akaniambia nitoke nimwite anayefuata. Nilitoka na vidonge vya kumtuliza. Vilimfanya adondokwe na mate kifuani na alale ameketi, na alipoamka akaendelea kujipiga, ila polepole.

Ndipo Kaka akatafuta kituo cha kumweka. Ni mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na kina ukuta mrefu. Alikwenda mwenyewe kukiona, akarudi akisema ni kisafi sana.

"Watu wake wakoje?" nikamuuliza.

"Wametulia."

"Wametulia vipi?"

Kaka akaanza kufungua kamba za viatu. Tunajuana mimi na yeye. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka, na kila alipomtazama dada yetu akijipiga machozi yalimlengalenga akayageuza kuwa ukali. Alisema nafasi ipo, ila kituo kinataka daktari wa magonjwa ya akili ampime kwanza, aseme kama kweli hafai tena kukaa nyumbani. Akisema hafai, Bosi anakwenda, na huko hana wa kumvuta mkono wa shati. Nilimwambia Kaka amlete huyo daktari, na aje amejiandaa, maana nitakuwa hapo hapo.

Basi nilimsubiri yule daktari kwa hasira zangu zote, na alipofika zikakosa pa kutua. Alikuwa mama mrefu, kavaa raba, na ana sauti ya kuuzia sokoni. Wifi alikuwa ametandika vitambaa vipya kwenye makochi. Daktari akavipita, akaenda moja kwa moja uani, akakaa kwenye benchi kando ya Bosi bila kumgusa. Akakaa hivyo kwa muda mrefu bila kufanya lolote. Kaka akanitupia jicho, kana kwamba anauliza huyu ndiye tuliyemsubiri.

Kwanza alitafuta maumivu. "Mtu asiyeweza kusema panapomuuma huitwa mwendawazimu upesi sana," alisema. Akamchungulia masikio kwa kurunzi ndogo, akamfungua mdomo akamkagua jino kwa jino, akambonyeza tumbo, akauliza habari za choo bila haya mbele ya Kaka, ambaye aliangalia ukuta. Ilihitaji watu wawili kumshika na biskuti za kutosha. Sote tuliomba liwe jino. Sijawahi kumwombea mtu jino bovu kwa moyo wangu wote kama siku ile, kwa sababu jino linang'olewa, mambo yanaisha. Lakini meno yalikuwa mazima, masikio safi, tumbo laini.

"Haya," daktari akasema, "sasa kazi yenyewe. Mtu mwingine ningemuuliza, unajisikiaje, unalala, bado unafurahia vitu ulivyokuwa unavipenda? Huyu siwezi kumuuliza. Lazima nimuulize anayemjua. Nani anamjua?"

"Sisi," akasema Kaka.

"Vizuri. Kabla ya haya yote kuanza, akiwa na furaha alikuwa anafanyaje?"

Kaka akakohoa. "Alikuwa kawaida tu."

"Kawaida ni nini?"

"Kawaida yake. Anakaa. Anakula."

Wifi akasema anadhani alikuwa akijitikisa, au labda huko kujitikisa kulikuwa kwa njaa, hana uhakika. Daktari akanigeukia mimi. Nikainua kidevu, kwani mimi ndiye ninayeshinda naye kutwa, cherehani yangu ipo chumbani, hatua chache kutoka benchi lake.

"Akiwa na huzuni alikuwa anafanyaje, dada?"

"Hajawahi kuwa na huzuni," nikasema.

"Hajawahi, au hamkuwahi kuona?"

Hapo nilikumbuka. Mama angeweza kuwa amempa Bosi mgongo, anachambua mboga, na akasema, "Leo mwenzenu hana raha." Tulikuwa tunamcheka. Umejuaje, Mama, hata hujamtazama? Naye anajibu, ninyi shoneni na kufundisha, haya niachieni mimi. Angekwenda akamkanda miguu au akamkalisha karibu na dirisha, na kufikia jioni mambo yametulia. Kweli uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alikuwa anamsoma, na sisi hatukuwahi kumuuliza anasoma nini, tukidhani atakuwepo siku zote kutusomea.

"Maswali hayo angeyajibu Mama," nikasema.

Daktari alinishika bega. "Nimekwisha kuelewa hilo," akasema. "Basi itabidi nianze kumsoma upya. Nitakuja tena asubuhi zijazo. Fanyeni kama sipo."

Kufanya kama hayupo kulimshinda wifi, ambaye alivaa gauni la sherehe kumenyea vitunguu. Lakini siku zilivyopita tulimzoea. Alikaa kwenye kigoda jikoni na hakuuliza kitu. Vidonge alikuwa amekwisha kutuagiza tuvipunguze kidogo kidogo, ili amwone Bosi mwenyewe. Nilimwona akitazama nani anamkaribia Bosi, kwa mkono gani, na nini hufuata.

Asubuhi moja Kaka naye alikuwepo. Wifi alimwekea Bosi chai na mkate. Bosi akausukuma mkate. Wifi akachuchumaa mbele yake, akampangusa kidevu, akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Kula kidogo, Bosi wangu. Kula. Mama anakuja."

Bosi akasimama. Akatoka jikoni, akavuka uani, akafika kwenye lango, akasimama na uso karibu na bati. Alisimama pale wima, mikono imeshuka. Barabarani palipita pikipiki, akainua kichwa. Pakapita wanawake wanaongea, akainua kichwa. Chai ikapoa. Kisha akarudi kwenye benchi taratibu, akakaa, na makofi yakaanza.

Kaka akaruka kumshika mikono. "Umeona, daktari? Anaanza hivi hivi tu, bila sababu!"

Daktari hakusogea. Bosi alipotulia kidogo, daktari akauliza, "Hayo maneno mnamwambia mara nyingi?"

"Maneno gani?" nikauliza.

"Mama anakuja."

Tulitazamana. Sote tulikuwa tunamwambia. Akilia, Mama anakuja. Akikataa kuoga, oga basi, Mama anakuja. Kaka alimwambia, wifi alimwambia, hata jirani. Mimi nilikuwa nikimwambia kutoka kwenye cherehani, mguu ukiwa kwenye kanyagio, bila kufikiri. Si neno tulilolitunga baada ya msiba. Lilikuwepo tangu tukiwa wadogo: Mama akienda sokoni Bosi analia, anaambiwa Mama anakuja, anakwenda langoni, na Mama anakuja kweli na kapu lake. Miaka yote hiyo neno hilo halikuwahi kumdanganya.

"Kila nilipomwona akijipiga, alikuwa ametoka langoni," daktari akasema. "Na kila alipokwenda langoni, mmoja wenu alikuwa amemwambia hivyo. Ninyi mnadhani anajipiga kwa sababu akili haifanyi kazi. Inafanya kazi. Anaambiwa, anaamini, anakwenda kumpokea mama yake, hamwoni. Mara ngapi kwa siku? Ningekuwa mimi ningekuwa nimekwisha kuvunja lango."

Wifi alikaa chini sakafuni na gauni lake. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema. Sikuwahi kufikiri kwamba kinachomla dada yangu kilikuwa kinatoka mdomoni mwangu, tena kama cha kumbembeleza.

"Kwa hiyo si wazimu?" Kaka akauliza.

"Ana ugonjwa, ndiyo. Hali chakula, halali usingizi, anajiumiza, hakuna kinachompa raha. Mtu mwingine yeyote akiwa hivi tunasema ana sonona, huzuni iliyozidi mtu mpaka ikawa ugonjwa. Kwake yeye mnasema ndivyo alivyozaliwa. Mwalimu, wewe ulipofiwa na mama yako watu walikupa pole?"

"Walinipa."

"Yeye nani alimpa?"

Mimi nilitazama mikono yangu.

Daktari akasema kuhusu kituo hataandika lolote sasa. Atampa Bosi dawa nyingine, ya sonona, lakini dawa peke yake itakuwa kutwanga maji kwenye kinu kama tutaendelea kumtuma langoni. Lazima aambiwe. Na aambiwe kwa neno analolijua.

"Tumwambie ametutoka?" wifi akauliza. "Ametangulia mbele ya haki?"

"Hayo ni ya kwenu, ya kuwatunza ninyi. Yeye anajua lipi?"

Nikajibu mimi, kwa sababu nilikuwepo. Miaka ya nyuma tulikuwa na paka. Alipokufa Mama alimshika Bosi mkono, akamgusisha yule paka baridi, akamwambia amekufa, wakamfukia pamoja nyuma ya choo. Bosi hakumtafuta tena. Kwa hiyo neno analijua. Anajua kufa.

Kaka akainuka akaenda mpaka ukutani. "Siwezi," akasema akiwa ametupa mgongo. "Siwezi kusema Mama amekufa kama paka. Kwetu hata mgeni hatumsemei hivyo. Mdogo wangu, nisamehe, hilo siwezi."

Nikasema nitasema mimi. Mdomo wangu haujawahi kukosa la kusema, kila mtu anajua, hata mafundi wenzangu wananiita redio.

Tulikwenda makaburini alasiri, Kaka, mimi na Bosi, kwa teksi. Bosi alifurahi kupanda gari, na uso wake wenye michubuko ulikuwa kwenye kioo safari nzima. Kaburi la Mama lilikuwa bado udongo mtupu, limeanza kuota nyasi pembeni. Tulimketisha. Nikachukua mkono wake nikauweka juu ya udongo kama Mama alivyomfanyia kwa paka.

"Bosi," nikasema. "Mama."

Akageuza kichwa upesi, akatazama njia tuliyojia.

"Hapana. Mama... Mama amefariki." Hakuna kitu. Alikuwa bado anatazama njia. "Mama hayupo nasi tena, dada." Akaanza kuinuka ili aende akamsubiri kule kwenye lango la makaburi. Nikamvuta chini. Nikiwa na umri wangu huu, na mdomo wangu huu, niligundua kwamba tangu asubuhi ile Mama alipoanguka sikuwa nimelisema neno lile hata peke yangu, hata kichwani.

"Mama amekufa," nikasema. "Mama haji. Mama amekufa."

Bosi alinitazama. Kisha akainua kiganja chake chenye udongo akakiweka juu ya mdomo wangu, akaufunga. Hakunipiga. Aliufunga tu na kuukandamiza, na macho yake yalikuwa kwenye macho yangu. Kaka aligeuka pembeni. Nikasubiri mkono ulegee, na haukulegea, na daktari alikuwa ameniambia nisimwachie nusu nusu, basi nikasema tena hivyo hivyo, midomo ikigusa kiganja chake. Mama amekufa.

Sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kwake. Si ile ya kujipiga wala ya njaa. Ilikuwa ndefu na ya chini, na iliendelea hata pumzi ilipokwisha. Kaka alikuja akapiga magoti na suruali yake ya kazini, akamshika kichwa, akasema, "Pole, dada yangu. Pole. Pole." Alisema hivyo mpaka sauti ikamkauka, na Bosi hakumuuma. Tulikaa pale watatu mpaka dereva alipokuja kuuliza kama tuko salama.

Makofi hayakuisha siku ile, nisidanganye mtu. Yalipungua. Bosi alianza kula, kwanza mkate tu, baadaye na mboga. Alianza tena kwenda chooni mwenyewe. Kaka aliwapigia watu wa kituo akawaambia nafasi wampe mwingine, kisha akaja kuniambia akiwa ananitazama usoni, na mimi kwa mara ya kwanza nikakosa neno la kumchokoza. Nikamshonea shati.

Kisha daktari akaja kumwangalia. Wakati wanakunywa chai uani, lango likalia. Mtu alilisukuma kwa bega, kama mtu aliyebeba kapu. Mimi nilisimama kabla sijajua nimesimama. Alikuwa jirani, amekuja kuomba chumvi.

Bosi hakugeuza hata kichwa. Aliendelea kula mkate wake.

"Umeona?" daktari akasema kwa furaha. "Hasubiri tena. Hiyo ni dalili nzuri sana."

Nikamwambia ndiyo, nimeona, asante daktari. Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikakaa kwenye cherehani nikalia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa. Kwa maana mpaka siku ile ya makaburini, katika nyumba yetu alikuwepo mtu mmoja ambaye kwake Mama alikuwa bado yuko njiani, anarudi. Sasa hayupo hata mmoja.